Masanduku ya Mbele

Ognjen alishusha masanduku polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, kisha akazima foklifti ili moshi usimfikie mama mkwe wake. Ndivyo alivyozoea. Alizoea pia kuweka mto mdogo kwenye kile kiti cha chuma kabla mama huyo, Desanka, hajakaa, kwa sababu tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga wakati wa masika, kiti kitupu kilimuuma mpaka mgongoni.

"Haya mama, mzigo wako huu. Nimekuchagulia yaliyonona."

"Usinichagulie wewe! Sampuli haichaguliwi, inaokotwa."

"Basi nimekuokotea."

"Umeokota mpaka kule juu?"

"Kaa chini mama, chai inapoa."

Desanka alikaa. Chai ilikuwa na asali, na juu ya kikombe Ognjen alikuwa amefunika kisahani ili isipoe. Mama wa watu akajisemea moyoni kwamba Mungu alimnyima mtoto wa kiume ili amletee huyu.

Alifungua sanduku la kwanza, akatoa sufuria ya presha, akaipindua mbele ya taa. Kiwanda kilikuwa kinatengeneza maelfu ya sufuria hizo, na hakuna mtu ambaye angeweza kuzifungua zote. Yeye alifungua chache tu, na kwa hizo chache akaamua habari ya shehena nzima. Mkwaruzo ubavuni au lebo iliyokaa upande ni kasoro ndogo. Mpini unaocheza ni kasoro kubwa. Zote hizo husamehewa zikiwa haba. Lakini ipo kasoro ya hatari, na hiyo haina msamaha: ikionekana kwenye sampuli hata mara moja, shehena yote inarudi ndani.

Kwa ajili ya kasoro hiyo Desanka alikuwa na waya wake mwembamba. Kila mfuniko una matundu mawili ya kutolea mvuke, moja la mluzi na moja la usalama, na mashine huyatoboa yote mawili kwa mkupuo mmoja; yote yakiziba, sufuria hulipuka jikoni kama bomu. Alipitisha waya katika tundu la kwanza ukatokea upande wa pili. Akapitisha katika la pili ukatokea. Akachukua mfuniko mwingine.

Kabla ya nyonga kuharibika alikuwa akizunguka ghalani mwenyewe. Alipanda ngazi na kitambaa chake kichwani, akavuta sanduku moja la juu, moja la chini, moja la nyuma kabisa ukutani, na vijana wakimtania, "Mama Desanka, huko juu kuku wametaga?" Sasa masanduku yalimfuata mezani. Aliona ni heshima, na kwa kweli heshima ilikuwamo.

Injinia Kostadin, mkuu wa uzalishaji, aliingia akisugua viganja kwa baridi.

"Vipi, mama yetu? Zinapita?"

"Mpaka sasa safi, Injinia."

"Nilijua tu. Lori linakuja Jumatatu asubuhi." Akamgeukia Ognjen, akampiga begani. "Na mkataba wako uko mezani kwangu. Lori likishaondoka salama, njoo tusaini wa mwaka mzima. Si hii ya miezi mitatu mitatu tena. Mke ana mimba kubwa, au siyo?"

"Ya miezi saba, Injinia," Ognjen alisema, akaona haya kama msichana.

Desanka alipomaliza mfuniko wa mwisho, alipiga muhuri wa kupitisha. Jioni ile, kama kila mwaka kabla ya Krismasi, kila mfanyakazi alipewa sufuria moja ya zawadi. Zilitolewa nyuma kabisa ya ghala, kwenye safu iliyozidi hesabu ya lori. Ognjen alizibeba mbili, yake na ya mama mkwe, kwenye theluji mpaka nyumbani.

* * *

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, slava ya nyumba ile, yaani siku ya mtakatifu mlinzi wa ukoo. Marehemu mume wa Desanka aliirithi kwa baba yake, na kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume, mshumaa ulikuwa unawashwa na Ognjen, mkwe aliyehamia kwa wakwe. Mjini walimsema sana kwa hilo. Hata jirani Radojka, mwenye roho nyeupe kama maziwa, hakujizuia asubuhi alipowaona uani.

"Heri ya slava, nyumba hiyo!" aliita juu ya ua. "Ognjen, hiyo aproni ni yako au ni ya mama mkwe?"

"Tunapokezana, shangazi."

"Ndiyo raha ya kuolewa!" Radojka akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mjane, amefanya kazi idara ya kufungasha miaka mingi, akastaafu kiangazi kile. Kisha akashusha sauti. "Desanka, leo na mimi naizindua ile sufuria waliyonipa nilipostaafu. Imekaa kwenye boksi lake tangu Julai, naionea huruma. Wageni wangu ni wa jioni. Nitabandika maharage alasiri."

"Kitunguu unacho cha kutosha?"

"Nimeishiwa, lakini nitajibana."

Desanka alimtuma Ognjen ampelekee kitunguu fungu zima. Radojka hakurudisha mikono mitupu. Alimjazia kijana walnati kwenye mifuko ya koti, pande zote mbili.

Ilipofika mchana, sebule ilikuwa imejaa. Mkate wa slava ulikuwa mezani, mshumaa mrefu unawaka, na mzee Milisav, binamu wa marehemu, ameshika glasi ya rakija, ile pombe kali ya matunda, akieleza namna samaki walivyokuwa wanene zamani. Ulikuwa mwezi wa mfungo, hakuna nyama, kwa hiyo sherehe yote ilitegemea samaki na maharage. Samaki walikuwa tayari. Maharage yalikuwa jikoni kwa Tijana, binti wa Desanka na mke wa Ognjen.

Desanka alikuwa anamimina rakija mkono uliposimama hewani. Kulikuwa na kitu kinakosekana. Alisikiliza. Wageni wanacheka, kuni zinalia kwenye jiko la sebuleni, saa ya ukutani inagonga. Hakusikia mluzi.

Aliweka chupa, akaenda jikoni akiburuta mguu.

Tijana alikuwa ameinama juu ya jiko la gesi, tumbo lake karibu kugusa sufuria mpya, kitambaa mkononi.

"Tija. Hiyo umebandika lini?"

"Muda sasa. Nimeongeza na moto. Hii mpya ni ya kimyakimya, mama, si kama lile limluzi letu la zamani. Nataka niubonyeze kidogo huu mfuniko nione kama..."

"Toka."

"Eh?"

"Toka jikoni, mwanangu. Usiiguse. Toka tu, taratibu."

Sauti ya Desanka haikupanda, na ndiyo maana Tijana aliogopa. Alirudi nyuma mpaka mlangoni, mikono yote miwili tumboni. Desanka alinyoosha mkono mmoja, akageuza uso pembeni, akazima gesi. Mfuniko ulikuwa umevimba katikati kidogo sana, kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona. Alitoka, akafunga mlango, akaegemeza mgongo wake hapo.

"Yamekimbia hayo maharage?" Mzee Milisav aliita kutoka sebuleni.

"Yanapumzika," Desanka alijibu. "Kuleni samaki kwanza."

Alisimama pale mlangoni muda mrefu, kama mlinzi. Tijana alimletea kiti. Hakukaa. Sufuria ilipopoa kabisa aliingia peke yake, akafungua, akaupeleka mfuniko dirishani. Kwa juu matundu yote mawili yalionekana, ya duara, mazuri. Alichomoa pini ya nywele, akaisukuma ndani ya tundu la mluzi. Ikagota. Akaisukuma ndani ya tundu la usalama. Ikagota. Chini ya kila tundu kulikuwa kumebaki ngozi nyembamba ya chuma. Keekee ya mashine ilikuwa butu, haikufika mwisho.

Aliichukua sufuria ya pili, ile iliyokuwa bado kwenye boksi. Pini ikagota.

* * *

Alimkuta Ognjen kwenye kibanda cha kuni, anajaza kikapu.

"Weka kikapu chini," alisema. "Masanduku ya jana uliyatoa wapi?"

"Ghalani, mama. Ningeyatoa wapi?"

"Ghalani wapi?"

Ognjen alitazama mfuniko mkononi mwa mama mkwe. Hakuwa mjinga, alielewa kabla hajajibu.

"Ya mbele," alisema. "Yaliyo chini chini, karibu na mlango."

"Na ya nyuma?"

"Ya nyuma ni ya zamu ya usiku. Wao wanapanga kwanza, sisi wa mchana tunapanga mbele yao."

"Kwa hiyo zamu ya usiku sijaiona."

"Mama, wewe ulikuwa unatembea kwa magongo! Ulirudi kazini kabla ya wakati, unaniuliza kila sanduku limetoka wapi, nami nikisema limetoka juu unataka kupanda uhakikishe. Nikaona utaanguka. Nikaanza kuleta ya karibu ili umalize mapema ukapumzike. Basi. Hakuna zaidi."

"Hakuna zaidi?"

Ognjen aliokota kipande cha ganda la mti, akakivunjavunja.

"Injinia aliniona. Nilidhani atanifukuza. Akasema, 'Vizuri, kijana. Mtunze mama. Mletee ya mbele hayo hayo, usimchoshe.' Nikamwona ni mtu mwema."

Desanka alikaa juu ya gogo. Alitaka kumkasirikia, akatafuta hasira, akakuta mto wa kiti na kisahani juu ya chai.

"Twende," alisema.

"Wapi? Nyumba ina wageni!"

"Ghalani. Jumatatu zinapakiwa."

"Mama." Sauti yake ilipasuka. "Jumatatu nasaini. Mtoto anakuja Februari. Ukienda leo kusema umepitisha vibaya, watauliza nani alikuletea masanduku. Mjini hapa hakuna kiwanda kingine. Nitakuwa yule mkwe anayelishwa na mama mkwe, na safari hii itakuwa kweli."

"Najua."

"Labda ni hizi chache tu za zawadi."

"Labda."

Tijana alikuwa amesimama nyuma yao kwenye theluji, shali mabegani. Walikuwa hawajamsikia.

"Nilikuwa nimeinama juu yake," alimwambia mumewe. "Uso wangu ulikuwa hapa." Akaonyesha kwa kiganja, umbali wa kikombe. Alimvua Ognjen aproni, akamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka shingoni, kisha akaingia ndani kuwapa wageni keki.

* * *

Kuacha nyumba na mshumaa wa slava unawaka ni aibu. Mzee Milisav alisema hivyo kwa sauti, wote wasikie. "Mwenyeji anawakimbia wageni wake! Hii sijaiona. Au ndivyo inavyokuwa mwanamume akikosekana nyumbani?" Desanka alimbusu shavuni, akamwambia ale ashibe, akatoka.

Mlinzi wa kiwanda alikuwa anakula samaki baridi kwenye karatasi. Alimfahamu Desanka tangu ujana. Hakuuliza, alifungua tu, akamfuta theluji begani. Lakini walipokuwa wanaingia walimsikia anapiga simu; ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Ghala lilikuwa na baridi ya chuma. Ognjen alitaka kuwasha foklifti. "Hapana," Desanka alisema. "Niletee ngazi."

"Nitapanda mimi."

"Utaishika. Nitapanda mimi."

Alipanda kama mtoto anayejifunza, mguu mzima kwanza, kisha mbovu. Ognjen alikuwa chini, mikono yote miwili imeshika ngazi, akitazama nyayo za viatu vya mama mkwe bila kupepesa. Nyuma kabisa, juu, Desanka alivuta sanduku bila kulitazama. Akatoa mfuniko, akapitisha waya. Ukatokea. Akahema. Kwa muda mfupi alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote mjini. Akavuta jingine, safu ya pili. Ukatokea. Ognjen aliona mabega yake yakishuka, akathubutu kutabasamu.

Sanduku lililofuata lilikuwa la katikati. Waya uligota.

Akajaribu jingine. Waya ukagota. La ukutani, ukagota kwenye tundu moja na kupita kwenye jingine. Hakuendelea tena. Kwa kasoro ya namna hiyo hakukuwa na haja. Alishuka, akatoa mfukoni vibandiko vyekundu ambavyo yeye peke yake aliruhusiwa kubandika, akaanza safu ya mbele, akilamba kila kimoja kwa ulimi mkavu.

"Unafanya nini, mama yetu?"

Injinia Kostadin alikuwa mlangoni, koti zuri la sufi, skafu ya sikukuu, amekunywa kidogo. Alitoka kwenye slava ya shemeji yake.

"Nakataa shehena, Injinia."

"Uliipitisha jana. Muhuri wako upo."

"Nilipitisha masanduku ya mbele. Shehena sikuiona."

Alimpa mfuniko. Injinia hakuyatazama matundu. Aliutazama mfuniko kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu yake. Desanka akatambua kwamba alijua.

"Keekee ilichelewa kubadilishwa," Injinia alisema taratibu. "Mara chache. Ni mifuniko michache kati ya maelfu. Bandua vibandiko hivyo, Jumatatu tutaitenga kimya kimya."

"Jumatatu zinaondoka."

"Ognjen!" Injinia akageuka. "Nani alimletea mama masanduku ya mbele? Sema vizuri, kijana. Fikiria kabla hujajibu."

Ognjen alikuwa bado ameshika ngazi, ingawa hakukuwa na mtu juu yake.

"Mimi," alisema. "Mimi nilileta. Kwanza kwa akili yangu, halafu kwa neno lako. Mlinzi yupo mlangoni, anasikia."

Mlinzi alikuwepo kweli, karatasi ya samaki mkononi. Alitazama chini, lakini hakuondoka.

"Basi Jumatatu usije," Injinia alisema. Akamgeukia Desanka, na sasa sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa na uchovu, karibu na huruma. "Wewe mama hufikirii. Unadhani unairudisha shehena moja. Ukiirudisha hii, watauliza na zile nyingine. Masanduku ya mbele unayaletewa tangu lini?"

Desanka alibaki na kibandiko kwenye ncha ya kidole.

Tangu masika. Tangu nyonga. Tangu Aprili alikuwa anapiga muhuri akiwa amekaa kwenye mto laini, akinywa chai ya asali, na nyuma ya ghala zamu ya usiku ikipakiwa kwenye malori bila kuguswa na waya. Kiangazi kizima. Sufuria zile zilikuwa zimekwenda nchi asizozijua, kwenye majiko ya watu asiowajua. Nyingine hazikwenda mbali.

"Julai," alisema.

"Nini, mama?" Ognjen aliuliza.

"Ya Radojka ni ya Julai."

* * *

Hakuwa amekimbia tangu upasuaji, na hata sasa haikuwa mbio, ilikuwa kuanguka mbele na kudakwa na Ognjen kila hatua. Mji wote ulikuwa unasherehekea Nikola. Katika kila nyumba dirisha la jikoni lilikuwa na ukungu, na nyuma ya ukungu walisikia mluzi. Nyumba ya mwokaji, mluzi. Nyumba ya mwalimu, mluzi, na mtu anaimba. Desanka hakupata kuipenda sauti ile kama siku ile. Alipita akiisikiliza kama anayesikiliza pumzi za watoto waliolala.

Dirisha la Radojka lilikuwa na ukungu mzito. Harufu ya kitunguu ilifika mpaka barabarani. Hawakusikia mluzi.

"Mtungi wake wa gesi uko kwenye baraza ya nyuma," Desanka alinong'ona. "Zunguka. Funga, halafu rudi kwenye theluji. Usisogelee dirisha."

"Na wewe?"

"Mimi mguu unaniuma."

Alifika kwenye geti la Radojka, akalishika. Alitaka kupiga kelele, lakini alimjua jirani yake: ukimwambia kuna hatari jikoni, ataenda jikoni. Angekwenda kuokoa chakula cha wageni, angeinama kuuangalia mfuniko kwa yale macho yake mabovu. Kwa hiyo Desanka alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu siku ya upasuaji. Aliomba kubebwa.

"Radojka! Dada, nimekwama! Nyonga imegoma, njoo unishike!"

Mlango ulifunguka palepale. Radojka alitoka na kandambili, mikono imejaa unga, hata shali hakuvaa.

"Ole wangu, kwa nini unatembea kwenye barafu na mguu huo? Yuko wapi huyo mkwe wako? Nishike shingoni. Nishike vizuri, sivunjiki! Twende ndani kwenye joto."

"Sio ndani. Hapa kwenye benchi la ukutani kwanza. Siwezi kupanda ngazi."

"Utaganda!"

"Kaa na mimi kidogo."

Radojka alikaa. Alivua sweta yake, akamfunika Desanka magoti, akayasugua kwa viganja vyenye unga. "Maharage yangu yako motoni," alisema. "Lakini yatangoja. Ile sufuria ni tulivu, sijawahi kuona. Kama mtawa."

Nyuma ya nyumba, Ognjen alikohoa mara moja. Desanka akajua gesi imefungwa. Moto ulikuwa umezimika, ila mvuke uliokuwa ndani ya chuma bado ulikuwa ndani ya chuma. Desanka aliizungusha mikono yote miwili kwenye mkono wa Radojka na kuufunga, kama wanawake wanavyoshikana njiani wakitoka kanisani.

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi."

"Basi twende ndani, jamani."

"Bado kidogo," Desanka alisema. "Bado kidogo, dada."

Theluji ilianza kushuka tena. Mtaa mzima ulikuwa unapiga mluzi, nyumba hii na ile, karibu na mbali. Wanawake wawili walikaa wameshikana, migongo yao kwenye ukuta mnene wa jikoni, na nyuma ya ukuta palikuwa kimya.